Kutoka TAZARA hadi McLeod Ganj: siku tano na Watibeti

Nimerudi Chandigarh, mji wa India ninakosoma, tangu Jumanne usiku na magoti bado yanalia. Hii nimeiunga kutoka kwenye noti za simu na picha kama mia tatu hivi, kwa hiyo saa zingine ni za kukadiria, ila bei ni za kweli maana mimi kila ninachonunua nakiandika. Rupia moja wakati huo, Machi 2024, ilikuwa kama shilingi 30 za Tanzania, au moja na nusu hadi mbili za Kenya.

Kwanza niseme kwa nini nilienda. Jumapili ya tarehe 13 Aprili 2008 nilikuwa darasa la saba, anko akatubeba mimi na kaka zangu kutoka Temeke tukaenda kusimama pale stesheni ya TAZARA kuona mwenge wa Olimpiki ya Beijing. Afrika nzima ule mwenge ulipita Dar tu. Dokta Shein, alikuwa Makamu wa Rais kipindi hicho, ndiye aliyeuwasha, ukaondoka pale TAZARA mpaka Uwanja wa Taifa, kama kilomita tano. Nikapewa kibendera nikakipunga mpaka mkono ukafa ganzi. Kwangu neno mwenge lilikuwa na maana moja tu, Mwenge wa Uhuru, ule uliopandishwa Kilimanjaro mwaka 1961 ili umulike wasio na matumaini, sasa mtoto anajuaje, nikadhani huu nao ni ndugu yake.

Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba siku ile kuna mtu alitakiwa kuubeba palepale Dar na akakataa. Profesa Wangari Maathai. Alijitoa kwa sababu ya haki za binadamu Tibet, eneo lililo chini ya China, maana mwezi mmoja tu kabla, Machi 2008, watawa wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, waliandamana na yaliyofuata yalikuwa ya damu. Yule mama alikuwa na tuzo ya Nobel, alikuwa na kila sababu ya kupanda ndege, kupiga picha na kurudi Nairobi, na hakuja. Hilo limekaa kichwani kwangu miaka. Nilipokuja kusoma masta huku India, nikagundua Watibeti wenyewe, wale waliokimbia, wako Dharamshala, safari ya basi moja tu kutoka hosteli, nikasema lazima niende, na niende tarehe 10 Machi, siku wanayokumbuka Watibeti walivyoinuka dhidi ya China kule Lhasa mwaka 1959.

Nilikwenda na mwenzangu wa darasani, dada wa Nyeri, ambaye bibi yake alipanda miti na Green Belt Movement ya Wangari. Yeye hakuhitaji kushawishiwa.

Ijumaa 8 Machi: Chandigarh hadi Dharamshala

Mabasi ya Himachal, jimbo lilipo Dharamshala, yanatoka stendi ya Sector 43, sio ile ya 17, usije ukapotea kama watu wengi. Tulifika saa mbili asubuhi tukijua tutapanda fasta, kumbe ni Maha Shivaratri, sikukuu, watu wote wanakwenda makwao na mahekaluni. Basi la kwanza limejaa, la pili limejaa, la tatu watu wamepandia dirishani, tumekaa chini na mabegi karibu masaa matatu. Konda mmoja mzee alituona tumekata tamaa akatuita kwa mkono, akatupa siti mbili za nyuma kabisa, rupia 430 kila mmoja, basi la kawaida lisilo na kiyoyozi.

Mpaka Una barabara ni tambarare, ngano kulia ngano kushoto, nililala. Baada ya hapo ni kona mwanzo mwisho na siti ya nyuma inakurusha kama gunia. Mnyeri wangu alianza kutapika mapema. Mama mmoja wa Kipunjabi ambaye hatukuwa tumesalimiana hata, alitoa limao, akalikata, akapaka chumvi nyeusi, akamwambia lamba, halafu akamlaza kichwa mapajani kwake kama mwanae mpaka aliposhuka. Hatukujua lugha yake na yeye hakujua yetu. Ukiwa na tumbo jepesi nunua kabisa dawa za kichefuchefu kabla hujapanda, na ng'ang'ania siti za mbele.

Kabla ya kufika tulipita Kangra mjini na nilikuwa macho, maana nilishasoma kuhusu wilaya hii. Tarehe 10 Machi 2008, Watibeti kama mia moja waliondoka Dharamshala kwa miguu wakisema wanarudi nyumbani Tibet, wamepanga kutembea miezi mpaka mpakani, mwaka uleule wa Olimpiki. Polisi wa India waliwakamata siku ya nne, hata wilaya ya Kangra hawajaimaliza. Nilikuwa natazama ile barabara, vumbi, malori, wauza machungwa, nikawa nafikiria watawa na wasichana wa rika langu wakiipita na mabegi mgongoni.

Tumefika saa mbili usiku, baridi ya kukata masikio, na chumba tulicholipia tukaambiwa hakipo. Sababu ni kriketi: India na Uingereza walikuwa wanacheza testi (mechi ya kriketi ya hadi siku tano) yao ya mwisho kwenye uwanja wa Dharamshala kuanzia tarehe 7, mashabiki Waingereza wamejaa mji mzima, na mwenye gesti akawa amempa mwingine kwa bei mara tatu. Ushauri wa bure, kabla hujapanga tarehe angalia ratiba ya kriketi. Tukapanda na teksi kwenda McLeod Ganj, mtaa wa juu wanakoishi Watibeti (rupia 350 kwa usiku ule, mchana kulikuwa na magari ya jeep ya kuchangia kwa 20 au 30 tu) na tukawa tunagonga milango. Mama mmoja aliyekuwa anafunga meza yake ya momo (vidonge vya unga vyenye nyama au mboga ndani, vya mvuke) pembeni ya barabara ndiye aliyetuuliza kulikoni. Akatupa momo sita zilizobaki, hakutaka hela, akatupeleka kwa dada yake mwenye chumba cha ziada. Rupia 700 kwa usiku, blanketi nne, ndoo ya maji ya moto. Huyu mama wa momo tulimwita Amala, maana yake mama, hiyo "la" ya mwisho ni heshima, na kila mtu unaiweka, bila hiyo ni kama umepita mbele ya mzee bila shikamoo.

Gesti nyingi zinataka pasipoti na viza kwa ajili ya fomu ya wageni, beba na kopi. Na toa hela taslimu ukiwa chini mjini, mashine za juu zilikuwa kavu siku mbili.

Jumamosi 9 Machi: tsampa na mzee wa mwenge

Asubuhi ukifungua dirisha ndio unaelewa, milima ya Dhauladhar iko hapo hapo juu ya kichwa, theluji tupu. Amala alitupa chai ya siagi na chumvi, na unga wa shayiri iliyokaangwa unaoitwa tsampa, unamimina chai kidogo unaukanda kwa vidole mpaka unakuwa tonge. Tonge kabisa! Alikuwa amejiandaa kutufundisha, Mnyeri akawa ameshakanda lake safi kabisa kama mtu wa ugali, Amala akapiga makofi akaita majirani waje kuona.

Tulitembea kora, njia inayozunguka kilima cha hekalu kuu na makazi ya Dalai Lama, kiongozi wao mkuu wa dini, unazunguka kwa kufuata mshale wa saa, wazee wanapita na tasbihi zao midomo inacheza. Sheria moja ambayo nawaomba muishike: usipige picha sura za watu bila kuomba. Wengi wana ndugu bado wako Tibet, na picha moja mtandaoni inaweza kumletea mtu matatizo huko. Picha zangu nyingi ni za migongo.

Mchana kriketi ikaisha, siku tatu tu badala ya tano, India wameshinda, na jioni Waingereza wakapanda juu na kofia zao kutafuta bia na supu. Tulikaa meza moja na mzee Mtibeti kwenye kibanda cha thukpa (tambi za supu na mboga, rupia 120, bakuli mnamaliza wawili). Tulimwita Pala, maana yake baba. Miaka hamsini na kitu, Kiingereza chake kizuri. Kumwambia tu natoka Dar es Salaam akauliza, "Mji wa ule mwenge?"

Nikaganda. Hakuna mtu nje ya Tanzania amewahi kuniuliza hivyo.

Alikuwa anaijua ile ratiba yote kama mtu anavyojua vituo vya daladala vya njia yake. London tarehe 6 Aprili, Paris tarehe 7 ambako mwenge ulizimwa na kuingizwa kwenye basi kwa maandamano, siku hiyo hiyo vijana walipanda nyaya za daraja la Golden Gate kule San Francisco wakatundika bango la Tibet, tarehe 9 San Francisco wenyewe wakabadilisha njia kimya kimya watu wakabaki wanasubiri, halafu Buenos Aires, halafu kwetu. Tarehe 17 ukafika New Delhi na yeye alikuwepo. Njia ilikatwa ikawa kama kilomita mbili na ushee tu, imezungukwa na polisi kwa maelfu, watu wa kawaida hawakuruhusiwa kusogea. Baichung Bhutia, nahodha wa timu ya taifa ya mpira ya India, alikuwa ameshakataa kuubeba. Watibeti wakawasha wa kwao, wakakimbia nao kutoka Rajghat alipochomewa Gandhi mpaka Jantar Mantar, sehemu ya maandamano ya Delhi. Pala alikimbia kipande chake akiwa na kandambili, viatu vilimbana. Mei hiyo hiyo hapa McLeod Ganj wakafanya hadi Olimpiki ya Watibeti, michezo yao wenyewe.

Nilimuuliza swali ambalo watu wengi wanauliza, kwamba kwa nini msiache michezo iwe michezo. Hakukasirika. Alisema mwenge ule ulipitishwa Lhasa tarehe 21 Juni, na kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha China wa pale alisimama mbele ya mwenge akatangaza kwamba watauponda kabisa mpango wa kundi la Dalai Lama. Hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe iliandika kuonyesha masikitiko kwa siasa zile. Sasa, anasema, Kanuni ya 50 ya Olimpiki inamkataza mwanamichezo kuandamana uwanjani, sawa, lakini siasa ya mwenye uwanja nani anaikataza? Mimi sikuwa na jibu na mpaka leo naona swali lake lina haki kuliko langu.

Kisha akauliza na nyie siku ile mlifanya nini. Nikamwambia ukweli. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nilipunga kibendera, nilifurahi sana. Mnyeri akamwambia kuhusu Wangari, Pala akasema, "Mama wa miti. Tunamjua." Akanimiminia chai na akaniomba kitu kimoja, kama nyumbani kuna picha ya siku ile, angependa kuiona. Eti Dar ndiyo kituo pekee ambacho hajawahi kuongea na mtu aliyekuwepo.

Jumapili 10 Machi

Saa mbili asubuhi tuko hekaluni Tsuglagkhang, mlangoni wanakagua mabegi. Watawa, wanafunzi na sare zao, akina mama na yale maaproni ya mistari, wageni kiasi. Bendera ikapandishwa, wimbo wao wa taifa, kimya cha kuwakumbuka waliokufa, hotuba. Ilikuwa miaka 65 kamili. Serikali yao ya uhamishoni inadai mamlaka ya ndani chini ya China, wanaiita Njia ya Kati, lakini vijana wengi barabarani wanapiga kelele ya kitu kingine: "Bod Rangzen!" Bod ni Tibet, nikamuuliza binti aliyekuwa karibu yangu rangzen ni nini. Uhuru. Basi nikasikia lile neno mwili mzima, maana kwetu ndio jina la mwenge, ndio jina la barabara, ndio jina la gazeti, tumelizoea mpaka hatulisikii tena.

Maandamano yanashuka kwa miguu mpaka Kachehri, chini Dharamshala. Niwe muwazi kwa wanafunzi wenzangu: viza ya masomo haikupi ruhusa ya kuingia kwenye siasa, wageni wamewahi kupata shida, kwa hiyo sisi tulishuka pembeni ya barabara bila bango wala bendera. Iliniuma kidogo. Mabango yalikuwa mengi ya Derge, mashariki mwa Tibet, kule ambako mwezi Februari 2024 watu walikamatwa kwa mamia kwa kupinga bwawa la umeme la Kamtok litakalozamisha vijiji na nyumba za watawa, na mengine ya Panchen Lama, kiongozi wao wa pili wa dini, aliyechukuliwa mwaka 1995 akiwa mtoto wa miaka sita. Bibi mmoja mgongo umepinda alikuwa anashuka ile milima kwa fimbo, kila baada ya hatua chache anapaza sauti peke yake, vijana wanaitikia.

Na bondeni, uwanja wa kriketi unaonekana mweupe, mzuri mno, mtupu. Jana yake tu ulikuwa umejaa kamera za dunia. Nilisimama nikautazama muda mrefu. Siwalaumu waliokuja kwenye mechi, kwa sababu mimi mwenyewe nilisimama TAZARA. Lakini nilielewa kwa nini hawa watu kila dunia inapokusanyika kwenye mchezo wanakimbilia pale na bendera zao, mwaka 2021 walifanya hivyo Olympia Ugiriki mwenge wa Beijing ya pili (Olimpiki ya baridi ya 2022) unawashwa, Februari 2022 wakaandamana kwa mamia kule Lausanne yalipo makao ya Olimpiki. Ni wakati pekee kamera zinakuwa zimeshafika tayari.

Kurudi juu tulipanda zile kapsuli zinazoning'inia kwenye waya, dakika chache tu uko McLeod Ganj, bei imechangamka ila magoti yalishakataa.

Jumatatu 11 Machi: uwanja wa TCV

Ukungu asubuhi nzima, hatukufanya chochote, tulifua soksi.

Mchana tulitembea mpaka shule ya watoto wa Kitibeti ya TCV (Tibetan Children's Village) karibu na ziwa Dal (ziwa dogo, usitegemee makubwa), tukaomba ruhusa ofisini kwanza, wakatukaribisha. Pale kuna uwanja wa mpira umekaa ukingoni mwa mlima na wasichana walikuwa wanacheza. Dada mmoja aliyekuwa anawatazama kwa makini ya ukocha alitusimulia: mwaka 2017 timu ya wasichana wa Kitibeti ilialikwa mashindano Dallas, Texas, wakaenda ubalozi wa Marekani New Delhi, wakanyimwa viza. Wengi wao hawana pasipoti ya nchi yoyote, wana kitabu cha utambulisho tu wanachopewa na India, na kila mpaka ni maelezo upya.

Wanaume nao, mechi yao ya kwanza ya kimataifa ilikuwa Copenhagen tarehe 30 Juni 2001 dhidi ya Greenland, wakafungwa 4-1, na China ilikuwa imesukuma sana hiyo mechi isichezwe. Kufungwa nne, na bado wanaisimulia kwa macho yanayong'aa! Mimi shabiki wa Yanga ninayenuna wiki nzima kwa sare, nilijifunza kitu.

Halafu akatoa jezi kwenye begi, ya London 2018, kombe la timu zisizo ndani ya FIFA. Nikauliza mwenyeji alikuwa nani, akasema Barawa. Nikaruka. Watu wa Barawa! Wale wa Chimwini, Kiswahili cha kaskazini kabisa, pwani ya Somalia, nao wametawanyika London kwa vita vya kwao. Nikamwambia hao wanasema lugha yetu. Akaniambia walikuwa wakarimu, nikamjibu kwa kujidai kabisa kwamba hilo halinishangazi.

Jioni mwezi ukaonekana.

Jumanne 12 Machi: daku na kurudi

Funga ya kwanza. Nilikuwa nimepanga daku ya biskuti, lakini jana yake nilimuuliza Mkashmiri mwenye duka la shali kama kuna msikiti jirani, na saa kumi na nusu alfajiri mwanae akagonga mlango na chupa ya chai, mayai na mikate minne. Nilitaka kulipa, kijana akaweka mkono kifuani akashuka ngazi.

Tarehe 12 ni siku ya wanawake wa Tibet, waliokusanyika mbele ya Potala, kasri la Dalai Lama kule Lhasa, mwaka 1959. Tuliwaona wakijipanga, Amala kavaa nguo yake nzuri, meza ya momo imefungwa. Hatukuweza kukaa, basi letu lilikuwa saa tano kasoro. Alipojua nimefunga aliingia ndani akatoka na mkate wa balep umefungwa kwenye kitambaa, na chupa ya chai ya siagi, akasema "beti (binti yangu), hii ni ya jua likizama", akanirudishia rupia mia kwenye hela ya chumba na nikashindwa kubishana.

Siku zote, chakula, chumba na usafiri, nimetumia rupia 5,640 peke yangu. Chumba tulichangia.

Njia ya kurudi kulikuwa na lori limelala barabarani baada ya Kangra, saa nzima na nusu. Jua lilizama tukiwa karibu na Ropar. Mnyeri naye hakuwa amekula tangu asubuhi, alisema hawezi kula mbele yangu. Tukafungua kile kitambaa, kalasinga aliyekaa pembeni akatupa maji na tukamkatia kipande, mkate bado laini, chai imepoa na siagi imeganda juu, tukainywa hivyo hivyo.

Kabla hatujafika Sector 43 nilimtumia anko ujumbe wa sauti kuhusu picha za TAZARA. Amesema zilikuwa kwenye albamu kwa shangazi Mbagala, atapita Jumapili kuzitafuta.